Jinsi ya Kulinganisha Wakimbiaji wa Futiboli ya Vyuo vya Marekani Kabla ya Mechi ya Kwanza: Mwongozo Kamili

Kila Agosti inapokaribia mwisho, ujumbe unaoingia kwa wingi ni wa aina moja. Msomaji ametengeneza orodha ya wakimbiaji kumi, ameipanga kwa yadi za msimu uliopita, mwenye nyingi juu, mwenye chache chini. Jumamosi ya kwanza inapita, na orodha haifanani hata kidogo na kilichotokea uwanjani. Anauliza amekosea wapi.

Kosa karibu kila mara ni lilelile. Amepanga matokeo ya mwaka jana badala ya kupima mazingira ya mwaka huu. Yadi za mkimbiaji zinatokana na mambo manne: anapewa mpira mara ngapi, nani anamfungulia njia, nani amesimama mbele yake, na yeye mwenyewe ana nini mwilini na kichwani. Jumla ya yadi huyakoroga yote manne na kuyafanya namba moja. Kazi ya mwongozo huu ni kuyatenganisha tena.

Futiboli ya hapa ni ile ya Kimarekani, siyo soka, na sitaeleza sheria zake zote. Nitasema "mkimbiaji" kwa yule anayesimama karibu na kwotabeki (anayeongoza ushambuliaji na kurusha mpira), anapokea mpira mkononi na kuingia nao katikati ya watu. "Wazuiaji" ni wale watano wa mbele wanaomfungulia njia. "Mkimbio" ni mara moja ya kubeba mpira. Hayo yanatosha kuanzia.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Jedwali la Excel, au daftari lenye mistari na kikokotoo cha simu.
- Takwimu za mechi moja moja za kila mkimbiaji, siyo jumla ya msimu tu. Zinapatikana bure Sports Reference, ESPN na kwenye tovuti za vyuo vyenyewe.
- Maelezo ya kila mchezo ndani ya mechi, yanayoonyesha jaribio la ngapi (timu hupewa majaribio manne kupata yadi 10, ikizipata inaanza tena la kwanza), yadi ngapi zilihitajika na ngapi zilipatikana.
- Orodha ya wachezaji wa mwaka huu na ya mwaka jana, ili uone nani amebaki na nani ameondoka.
- Ratiba ya timu.
- Video za mechi mbili au tatu kwa kila mkimbiaji. Mechi nzima. Vipande vya kushangilia havifai, na nitaeleza sababu.
- Orodha ya nafasi ambayo kocha huitoa wiki ya mechi, inayosema nani wa kwanza na nani wa pili kila nafasi.

Usilinganishe zaidi ya wakimbiaji sita kwa mara moja. Ukizidisha utaanza kuruka hatua, na hatua zinazorukwa huwa ndizo zenye kazi.

## Hatua ya 1: Andika swali lako

Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya. Nani ni mkimbiaji bora? Nani atapata yadi nyingi mechi ya kwanza? Nani atamaliza msimu akiwa juu? Kila moja lina jibu lake, na mara nyingi majibu hayo ni watu watatu tofauti.

Mfano ulio wazi ni Jeremiyah Love wa Notre Dame. Agosti 31, 2025, ugenini kwa Miami, alibeba mpira mara 10 akapata yadi 33, na timu yake ikafungwa 27-24. Aliyemweka kileleni kwa usiku ule aliumia. Lakini Love alimaliza msimu na yadi 1,372 na tachidauni 18 za kukimbia (tachidauni ni kufikisha mpira eneo la mwisho la adui), akachukua tuzo ya Doak Walker ya mkimbiaji bora wa vyuo, akawa wa tatu kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Aliyemweka kileleni kwa msimu mzima alikuwa sahihi. Mchezaji ni yuleyule, maswali ni mawili.

Andika swali juu kabisa ya jedwali. Ukijikuta hatua ya sita unabishana na nafsi yako kuhusu "nani mkali zaidi" wakati swali lilihusu Jumamosi ya kwanza, rudi juu ulisome tena.

## Hatua ya 2: Gawanya, usijumlishe

Weka safu mbili: yadi kwa mechi na yadi kwa mkimbio. Jumla ya msimu iweke mwisho wa jedwali, au usiiweke.

Timu hazichezi mechi sawa. Mwaka 1988, Barry Sanders wa Oklahoma State aliandikiwa yadi 2,628 katika mechi 11. Mwaka 2024, Ashton Jeanty wa Boise State alipata 2,601 katika mechi 14. Kwa jumla wanaonekana wamepishana yadi 27. Kwa mechi, Sanders ana takriban 239 na Jeanty takriban 186. Zaidi ya hapo, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilianza kuhesabu takwimu za mechi za baada ya msimu mwaka 2002, kwa hiyo yadi 222 ambazo Sanders alipata kwenye Holiday Bowl, mechi ya baada ya msimu, hazimo kwenye zile 2,628.

Kuna tahadhari nyingine ambayo wengi hawaijui. Tangu 2023 saa ya mchezo haisimami tena timu inapopata jaribio jipya la kwanza, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Michezo ndani ya mechi imepungua. Unapomlinganisha mchezaji wa sasa na wa 2022 au kabla, yadi kwa mkimbio ni kipimo salama kuliko yadi kwa mechi.

## Hatua ya 3: Toa mkimbio mrefu kuliko wote, kisha hesabu upya

Chukua mkimbio mmoja mrefu zaidi wa mchezaji, utoe, upige wastani tena. Fanya hivyo kwa mechi moja, halafu kwa msimu mzima.

Tumrudie Love. Kwenye mchujo wa Desemba 2024 dhidi ya Indiana alikimbia yadi 98 kwa mkupuo mmoja hadi tachidauni. Alimaliza mechi na mikimbio 8, yadi 108. Toa ule mmoja: inabaki mikimbio 7 kwa yadi 10. Anayesoma namba ya mwisho anaona wastani wa 13.5 na kudhani Indiana walikanyagwa usiku kucha. Hawakukanyagwa.

Sasa fanya hesabu ileile kwa msimu. Mwaka ule Love alikuwa na yadi 1,125 kwa mikimbio 163, wastani wa 6.9. Toa zile 98, inabaki 1,027 kwa mikimbio 162, wastani wa 6.3. Hapo jibu linakuwa wazi: mechi moja ilibebwa na mkimbio mmoja, msimu haukubebwa.

Usiende mbali ukasema mikimbio mirefu ni bahati. Uwezo wa kugeuza nafasi ndogo kuwa yadi 60 ni kipaji, na vyuo vinautafuta nchi nzima. Tunachopima hapa ni kama kuna kitu kingine chini yake. Wastani ukishuka kutoka 6.5 hadi 4.2 kwa kutoa mkimbio mmoja au miwili, una mchezaji wa kubahatisha Jumamosi kwa Jumamosi. Ukishuka kidogo tu, una mtu wa kutegemea.

Kama una muda, ongeza kipimo cha mafanikio. Kwenye futiboli ya vyuo kinachotumika sana ni hiki: mkimbio umefanikiwa ukipata nusu ya yadi zinazohitajika kwenye jaribio la kwanza, asilimia 70 kwenye la pili, na zote kwenye la tatu au la nne. Yadi 4 kwenye jaribio la kwanza lenye 10 ni kushindwa. Yadi 2 kwenye jaribio la tatu lenye 1 ni kufaulu. Kipimo hiki kinamtendea haki mkimbiaji anayepewa kazi chafu ya yadi moja moja, ambaye wastani wake siku zote utaonekana mdogo.

## Hatua ya 4: Pima aliocheza nao

Panga mechi za mwaka jana katika mafungu matatu: wapinzani wenye ulinzi mgumu dhidi ya mkimbio, wa kati, na dhaifu. Mechi dhidi ya timu za FCS, yaani daraja la chini ya FBS, lile la juu la vyuo, zitenge kabisa pembeni.

Novemba 15, 2014, Melvin Gordon wa Wisconsin alipata yadi 408 dhidi ya Nebraska kwa mikimbio 25, na robo ya nne hakuicheza. Wiki moja baadaye Samaje Perine wa Oklahoma aliivunja rekodi hiyo kwa yadi 427, mikimbio 34, dhidi ya Kansas. Kansas walimaliza mwaka ule na ushindi mechi tatu tu. Kitabu cha rekodi kinamweka Perine juu. Jedwali lako liwe na safu inayosema yadi hizo zilipatikana kwa nani na kwa mikimbio mingapi, na ukisoma safu hiyo utajua siku ipi ilikuwa nzito zaidi.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kosa la upande wa pili: wanaona ufunguzi ni dhidi ya timu ya FCS, wanaandika yadi 150 bila kufikiri. Gordon huyohuyo, mwaka huohuo, alifungua msimu dhidi ya LSU akapata yadi 140 kwa mikimbio 16. Mechi iliyofuata, dhidi ya Western Illinois wa FCS, alipata yadi 38 kwa mikimbio 17. Timu ndogo inaweza kuamua kwamba kitu kimoja tu hakitatokea leo, nacho ni mkimbiaji wako kupita. Inajaza watu karibu na mstari mpira unapoanzia na kumwachia kwotabeki hewa. Na hata ikishindwa, wakubwa wakiongoza kwa tofauti kubwa mkimbiaji wa kwanza anaweza kukaa benchi kuanzia nusu ya pili.

Ukimaliza hatua hii uwe na sentensi moja kwa kila mchezaji, kwa mfano: "Dhidi ya ulinzi mgumu hushuka kutoka yadi 6 hadi 4.5 kwa mkimbio." Kama huwezi kuiandika, hukutenganisha mafungu vizuri.

## Hatua ya 5: Hesabu wazuiaji wanaorudi

Hapa ndipo orodha nyingi hufa, kwa sababu wazuiaji hawana takwimu na majina yao hayatajwi.

Chukua kikosi cha kwanza cha mwaka jana, nafasi tano za mbele. Andika kila jina, mechi alizoanza, na kama bado yupo. Watu wanne wakirudi, mkimbiaji wako anaanza msimu kwenye njia anazozijua. Wakirudi wawili, mechi ya kwanza itakuwa ya kufahamiana, hata kama waliosajiliwa ni wakubwa na wenye sifa. Mzuiaji mmoja akichelewa nusu hatua, njia inafungwa, na mazoezi ya Agosti hayawezi kuiga kelele za ugenini.

Anza na mtu wa katikati. Ndiye anayeanzisha mpira na mara nyingi ndiye anayewaelekeza wenzake nani azuie nani. Akiwa mgeni, punguza alama hata kama wengine wanne wamerudi.

Tahadhari ya hesabu: kwenye futiboli ya vyuo, kwotabeki akiangushwa akiwa bado anatafuta wa kumrushia, yadi zilizopotea hukatwa kwenye yadi za kukimbia. NFL, ligi ya kulipwa, hawafanyi hivyo. Ukiangalia "yadi za kukimbia za timu" ili kupima ubora wa wazuiaji, unaweza kuona namba mbovu iliyosababishwa na kwotabeki anayeshikilia mpira muda mrefu. Chukua yadi za wakimbiaji peke yao.

Mfumo wa ushambuliaji nao ni sehemu ya njia. Army, mwaka 2024, ilishinda mechi 12, na wazuiaji wake wakatunukiwa Joe Moore, tuzo ya safu bora ya mbele nchini. Ni timu inayokimbia karibu muda wote, na kwotabeki wake Bryson Daily alifunga tachidauni 32 za kukimbia. Mkimbiaji Kanye Udoh alipata yadi 1,117 ndani ya mfumo huo, kisha akahamia Arizona State. Huko, mwaka 2025, aliyebeba mpira zaidi alikuwa Raleek Brown. Simlaumu Udoh. Yadi zake zilikuwa za kweli, ila zilizaliwa kwenye nyumba ambayo hakuhama nayo.

## Hatua ya 6: Pima nafasi ya kupewa mpira

Ningelazimishwa kubakiza hatua moja tu, ningeibakiza hii. Kipaji bila mipira hakina yadi.

Tazama msimu wa 2024. Jeanty peke yake alibeba mpira mara 374 katika mechi 14. Quinshon Judkins na TreVeyon Henderson wa Ohio State, wakichanganywa pamoja, walibeba mara 338 katika mechi 16. Judkins alipata yadi 1,060 kwa mikimbio 194, Henderson 1,016 kwa mikimbio 144. Ohio State walitwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Notre Dame 34-23, na wote wawili walichukuliwa raundi ya pili ya uteuzi wa NFL 2025, mmoja namba 36 na mwingine namba 38. Kwa wastani wa kila mkimbio, Henderson alikuwa na 7.1 na Jeanty 7.0. Anayepanga kwa jumla ya yadi ataweka zaidi ya yadi 1,500 kati yao na kuamini tofauti hiyo yote ni kipaji.

Fanya hivi kwa kila mchezaji:

1. Andika mikimbio yote ya wakimbiaji wa timu yake mwaka jana, bila ya kwotabeki.
2. Toa ya walioondoka. Hiyo ndiyo mipira isiyo na mwenyewe.
3. Andika waliohamia kutoka vyuo vingine na vijana wapya wanaosifiwa. Hao wanakuja kuidai mipira hiyo.
4. Angalia kocha wa ushambuliaji. Kama ni mpya, tafuta alivyogawa mipira alikotoka. Wapo makocha wanaomchosha mkimbiaji mmoja, wapo wanaozungusha watatu, na tabia hiyo huhama nao.
5. Angalia kwotabeki. Anayekimbia mwenyewe karibu na mstari wa goli hula tachidauni za mkimbiaji wako.

Dirisha la uhamisho linahitaji jicho kali. Makhi Hughes alipata yadi 1,401 na Tulane mwaka 2024, akahamia Oregon. Kwenye makaratasi wengi walimwandikia kazi ya kwanza. Msimu wa 2025 ulipoanza, mipira ilikwenda kwa Noah Whittington na vijana wawili wa mwaka wa kwanza, Dierre Hill na Jordon Davison, naye akaamua kusimama ili asipoteze mwaka mmoja wa ile anayoruhusiwa kuchezea chuo. Kanuni ya NCAA iliyoanza 2018 inamruhusu mchezaji kuonekana hadi mechi nne bila kuchoma mwaka, na wachezaji wanaijua vizuri kuliko mashabiki. Kwa hiyo mkimbiaji aliyehamia timu kubwa kuliko aliyotoka, mpe makadirio ya mikimbio michache mpaka uone kwa macho.

Kama hatua hii imekwenda sawa, una namba mbili kwa kila mmoja: mikimbio ya chini na ya juu anayotarajiwa kupata mechi ya kwanza. Mfano, 12 hadi 17. Ukiandika 8 hadi 25, hujafanya utafiti, umekwepa.

## Hatua ya 7: Kazi zinazomweka uwanjani

Mkimbiaji asiyeweza kumkinga kwotabeki hutolewa jaribio la tatu. Anayeangusha mpira hutolewa siku nzima. Anayejua kudaka hubaki hata timu inapokuwa nyuma na kuacha kukimbia.

Cam Skattebo wa Arizona State, 2024, alikimbia yadi 1,711 na kuongeza 605 za kudaka. Adui hakuweza kumwondoa kwenye mechi kwa kuongoza pointi nyingi. Hesabu mipira aliyodaka, mipira aliyoangusha, na kama anapokea mipira ya teke. Hili la mwisho lina faida na hatari: mechi ya ufunguzi ya Dublin, Agosti 23, 2025, Dylan Edwards wa Kansas State aliumia mapema alipokuwa akipokea mpira wa teke, na mipango yote ya mkimbio ikabadilika.

## Hatua ya 8: Tazama mechi nzima

Vipande vya mtandaoni vinaonyesha mikimbio sita mizuri. Mechi nzima inaonyesha ile 14 iliyobaki, na hiyo ndiyo inayokwambia mtu ni nani.

Angalia mguso wa kwanza. Adui wa kwanza anapomfikia, anaanguka palepale, au anasonga yadi mbili zaidi? Anguko la mbele, rudia mara 15 kwa mechi, ni yadi 30 ambazo hakuna mzuiaji aliyempa.

Angalia subira. Mzuri anapokea mpira, anapunguza nusu sekunde, anaona mlango, anapasuka. Mwenye papara hujigonga mgongoni mwa mzuiaji wake mwenyewe. Anayesubiri sana hukamatwa na aliyetoka nyuma. Mliozoea raga mtaliona hili haraka, maana mbeba mpira wa karibu na msongamano hupimwa kwa macho yaleyale.

Angalia robo ya nne. Hatua zake ni zilezile za robo ya kwanza? Mwisho, mwangalie asipokuwa na mpira: anamtafuta adui wa kumzuia, au anasimama kutazama?

Mlio Afrika Mashariki, mechi za saa sita mchana za pwani ya mashariki ya Marekani huanza saa 1 usiku kwetu, na zile za saa 1:30 usiku huanza saa 8:30 usiku kuamkia Jumapili. Zikikushinda, tazama marudio kabla ya kusoma matokeo. Macho yanayojua matokeo huona sifa ambazo hazikuwepo.

## Hatua ya 9: Wiki ya mechi

Orodha ya nafasi ikitoka, tafuta neno "au" kati ya majina mawili. Likiwepo, kocha anakwambia mipira itagawanywa, au anamficha adui. Kwa vyovyote vile, punguza mikimbio ya juu uliyoandika hatua ya sita.

Kati ya ligi kubwa za vyuo, Big Ten ilianza kutoa ripoti za wachezaji wasiopatikana mwaka 2023, na SEC mwaka 2024. Ripoti za SEC ziliwekwa kwa ajili ya mechi za ndani ya ligi, kwa hiyo ufunguzi dhidi ya timu ya nje unaweza kuwa gizani. Soma maneno ya kocha kuhusu mazoezi. "Ameshiriki kidogo" ni habari kubwa.

Halafu tazama mechi itakwendaje. Timu ikitarajiwa kuongoza, mikimbio huongezeka robo ya tatu, ila inaweza kwenda kwa wa pili na wa tatu. Ikitarajiwa kufukuzana, mikimbio hupungua, kama ilivyomkuta Love kule Miami na kwotabeki aliyekuwa anaanza mechi yake ya kwanza.

## Hatua ya 10: Toa alama, andika utabiri

Kwa swali la mechi ya kwanza, mgawanyo ninaoupendekeza ni huu kwa 100: nafasi ya kupewa mpira 35, uwezo wake binafsi 25, wazuiaji 20, mpinzani 20. Kwa swali la "nani bora", geuza: uwezo 60, na mengine yagawane.

Kisha andika yadi kwa kuzidisha. Mikimbio 12 hadi 17, wastani uliorekebishwa kwa mpinzani 5.2, unapata takriban yadi 62 hadi 88. Masafa ndiyo utabiri. Namba moja ni kujidanganya.

## Mfano: Penn State kabla ya Agosti 30, 2025

Penn State ilifungua na Nevada ikiwa na wakimbiaji wawili waliovuka yadi 1,000 mwaka uliotangulia. Nicholas Singleton: mikimbio 172, yadi 1,099, wastani 6.4, tachidauni 12. Kaytron Allen: mikimbio 220, yadi 1,108, wastani 5.0, tachidauni 8.

Orodha ya haraka ilimpa Singleton nafasi ya juu, na wastani ule unashawishi kweli. Lakini pita hatua ya tatu: Singleton ni mtu wa mikimbio mirefu, na wa aina hiyo huhitaji njia safi. Pita hatua ya sita: makocha walimpa Allen mikimbio 48 zaidi. Mtu anayepewa mpira mara nyingi ingawa wastani wake ni mdogo anapewa majaribio magumu, na anaaminiwa. Jedwali la haki lingewaweka karibu sana, na kwa mechi ya kwanza lingetabiri mgawanyo mdogo kwa wote wawili.

Msimu ulivunjika. Penn State walipoteza mfululizo, kocha James Franklin akafukuzwa Oktoba. Katika hali hiyo ya njia finyu Allen alipata yadi 1,303 na kuwa mkimbiaji mwenye yadi nyingi zaidi katika historia ya chuo, huku Singleton akiishia na 549. Ila Singleton alifunga tachidauni 13 za kukimbia na yadi hizo chache, kwa sababu alipewa mpira karibu na goli. Aliyepanga kwa tachidauni angemwona bado yuko sawa na zamani.

## Baada ya mechi ya kwanza, badilisha nini

Badilisha safu ya nafasi mara moja. Mikimbio ya nusu ya kwanza, nani aliingia jaribio la tatu, nani alipewa mpira karibu na goli: hizo ni habari za kweli hata baada ya mechi moja, kwa sababu ni maamuzi ya kocha.

Safu ya wazuiaji irekebishe nusu. Safu ya uwezo binafsi usiiguse mpaka mechi ya tatu, awe amepata yadi 33 au 267. Hizo 267 ni za Jeanty dhidi ya Georgia Southern, Agosti 31, 2024, mikimbio 20 na tachidauni sita. Wiki iliyofuata, ugenini kwa Oregon, alipata 192 nyingine. Hapo ndipo aliyesubiri alipokuwa na mechi mbili za aina tofauti mkononi, na sababu ya kuchukua kalamu.